Ubavu wa Kushoto wa Ng'ombe Mwekundu

Jumanne ya tatu ya mwezi Julai, jua likiwa bado halijapanda juu ya bati la jirani, nilikuwa nimesimama katika chumba changu cha kuchorea hapa Ihumwa, nikiosha brashi ambazo hazikuwa chafu. Nilizisuuza moja baada ya nyingine, nikazinyoosha ncha kwa vidole, nikazilaza kwenye taulo, kisha nikaziokota na kuziosha tena. Mkurugenzi wa kampuni yetu ya vitabu, Bwana Temu, alikuwa njiani kutoka Dar es Salaam kwa treni ya asubuhi, na mkobani mwake mlikuwa na nakala pekee ya majaribio ya kitabu changu cha mwisho, kitabu cha picha kisicho na neno hata moja. Tulikuwa tumekubaliana kwamba angekaa nyuma ya darasa la kwanza katika shule iliyo jirani na kwangu, watoto wafunuliwe kurasa, nao wasimulie wanachokiona. Wakikisimulia, kitabu kinachapwa. Wakishindwa, kinarudi kabatini, nami nastaafu mwisho wa mwezi huohuo.

Nitarudi kwenye siku hiyo. Vijana wa idara ya michoro wameniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi, na ninaona ni haki yao kujua tulikoanzia. Sitaandika kuhusu vyeo. Nilipata vichache, na kila kimoja kilikuja na vikao vyake.

Nilianza nikiwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya sanaa, nikiwa na faili kubwa la michoro na imani kubwa zaidi ya faili. Mchoraji mkuu wa kampuni wakati huo alikuwa Mzee Kibwana, mtu mwembamba aliyevaa koti hata katika joto la Dar es Salaam. Hakulifungua faili langu. Alinielekeza kwenye kiti.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, binti. Unaliona birika lile?"

"Naliona."

"Lichore."

Nililichora kwa ustadi wote niliofundishwa, pamoja na kivuli na mng'ao. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Hili birika la wapi?"

"Lile pale mezani, mzee."

"La pale mezani mkono wake umefungwa kamba. Hili lako ni la dukani. Mtoto ambaye la kwao limefungwa kamba akiliona hili atasema, hapa si kwetu, na ataufunga ukurasa. Chora tena."

Nilichora birika wiki nzima. Ijumaa alilikubali, akanituma nilichukue birika lenyewe nikawachemshie chai idara nzima, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa hafla yangu ya kukaribishwa. Miaka yote niliyokaa naye sikumbuki akinisifu hata mara moja. Aliporidhika na mchoro aliugeuza kifudifudi na kuendelea na kazi yake. Nilijifunza kuisikia sauti ya karatasi ikigeuzwa kama wengine wanavyosikia makofi.

Mume wangu, mtumishi wa serikali, alipohamishiwa Dodoma, kampuni iliniruhusu nifanyie kazi nyumbani na kutuma michoro kwa basi. Kwangu haikuwa safari ya ugenini. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, nimekulia milimani kaskazini mwa hapa, kwa wazazi wakulima, na upepo wa uwanda huu naujua tangu utotoni. Tulijenga Ihumwa, na chumba kilichokusudiwa kuwekwa mahindi na karanga nikakifanya cha kuchorea. Panya walichukua muda kuukubali uhamisho huo.

Kwa kuwa wengi wenu sasa mnafanyia kazi nyumbani, niwaeleze chumba hicho kilivyo. Kina madirisha mawili, moja kaskazini na jingine kusini, na meza yangu huhama. Kuanzia Machi jua huelemea upande wa kaskazini, nami huivuta meza hadi dirisha la kusini. Oktoba likirudi kusini, meza nayo hurudi kaskazini. Hivyo mwanga unaonifikia ni wa anga, si wa jua lenyewe, na karatasi haininyang'anyi macho. Wageni hudhani napenda kupanga upya vyombo vya nyumba.

Adui wa mchoraji hapa ni ukavu. Wakati wa kiangazi rangi ya maji hukauka kabla brashi haijafika mwisho wa anga, na vumbi jekundu huingia hata kwenye kikombe kilichofunikwa. Dawa ya vumbi ni khanga mbichi iliyotundikwa dirishani. Dawa ya ukavu ni tone la asali katika maji ya kuchanganyia rangi. Asali huishika rangi isikimbilie kukauka. Ila msiiache picha mezani mkiondoka. Niliwahi kurudi kutoka jikoni nikakuta sisimizi wameshakula uso wa fisi niliyemhangaikia siku mbili, na nikalazimika kukiri kwamba walikuwa wasomaji wangu wa kwanza kummaliza.

Ratiba yangu haikubadilika sana. Baada ya swala ya alfajiri nilichora kwa penseli, kwa maana asubuhi mkono bado hauna ubishi. Jua likishapanda nilipaka rangi. Mchana nilitia wino. Baada ya magharibi sikugusa rangi kabisa, kwani chini ya balbu rangi ya njano hujificha na asubuhi unaikuta imejaa ukurasa mzima. Jioni ilikuwa ya kusoma miswada na kuwajibu wahariri, kazi ambayo haihitaji mwanga mzuri.

Kesi ngumu ya kwanza niliipata kijijini Hombolo, nilikokwenda na picha za kitabu cha mifugo nizione zikitazamwa na watoto. Chuoni tulifundishwa kwamba mnyama aliyekatwa na ukingo wa ukurasa huleta uhai, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia jukwaani. Nilikuwa nimemchora mbuzi wa namna hiyo, kichwa na miguu ya mbele ikionekana, mengine yamebaki nje ya karatasi. Watoto walimtazama kwa huzuni.

"Nani kamchinja?" aliuliza mmoja.

"Mbona hana damu?"

"Nyuma kapewa nani?"

Mtoto wa kiume mwenye kipaji cha kumaliza mashauri alisema sehemu ya nyuma ilipelekwa msibani, na wenzake wakaridhika. Nilicheka njia nzima ya kurudi Dodoma, kisha nikamchora mbuzi upya, mzima, kutoka pua hadi mkia. Tangu siku hiyo hakuna picha yangu iliyotiwa wino kabla haijatazamwa na watoto wasionijua.

Jambo la pili nililipata katika safari hizohizo. Watoto wa wafugaji wa Kigogo hufinyanga ng'ombe kwa udongo wa kando ya lambo, na niliona kwamba hawakuwafinyanga tu, waliwapaka majivu na udongo mwekundu, upande huu hivi, upande ule vile. Nilimwokota mmoja nikamsimamisha kwa kumgeuza. Mtoto aliyemfinyanga akaniambia nimemkosea, huo si upande wake. Kila ng'ombe wao alikuwa na kushoto kwake na kulia kwake, kama alivyo yule aliye zizini, anayetambulika kwa mabaka na pembe hata akiwa katikati ya ng'ombe wa watu wengine. Tangu hapo, kabla ya kumchora mnyama yeyote nilimfinyanga kwanza, nikampaka alama zake pande zote mbili, na nikawa nikimzungusha kiganjani kadiri hadithi inavyozunguka. Mnaweza kufanya hivyo kwenye kompyuta. Muhimu ni kwamba mnyama awe na pande mbili kichwani mwenu kabla ya kuwa na mmoja kwenye ukurasa.

Kitabu kisicho na maneno nilikibeba moyoni kwa miaka mingi. Kinamhusu msichana na ng'ombe wake mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni kushoto na pembe ya kushoto iliyoinama. Ubavu wa kulia ni mwekundu mtupu. Ng'ombe anapotea. Anapita kwenye vichaka vya miiba, anavuka korongo kavu, anaingia katika shamba la zabibu na kujihudumia, anafuata reli, na mwisho anajichanganya na kundi la mtu mwingine. Msichana anafuata nyayo, analifikia kundi hilo, anamtambua ng'ombe wake miongoni mwa wengi, na kumrudisha nyumbani. Basi.

"Mama Salma," Bwana Temu aliniambia nilipompelekea rasimu, "mzazi atakinunua kwa lipi? Atadhani tumesahau kuandika."

"Mtoto anakuja darasa la kwanza akiwa na Kigogo tu mdomoni," nilimjibu. "Sisi tunampokea kwa maneno asiyoyajua, halafu tunamwambia hajui kusoma. Mpe kitabu kimoja ambacho atakijua kabla ya herufi."

"Na asipokielewa?"

"Kisichapwe."

"Umesema mwenyewe, mama. Mimi sijakusukuma."

Ndivyo tulivyofika kwenye Jumanne ile. Bwana Temu aliteremka kwenye treni amevaa suti, na baridi ya Julai ya huku ikamfundisha adabu kabla ya mtu yeyote. Hakunionyesha nakala. Alisema ni haki sote tuione kwa mara ya kwanza pamoja na watoto, nami nikakubali. Mwalimu Mbeho, mwalimu wa darasa la kwanza na Mgogo wa hapahapa, alimpa kiti nyuma. Watoto wakasimama na kutuamkia kwa sauti moja ndefu, wakaketi, na kitabu kikafunguliwa mbele yao.

"Semeni mnachokiona," Mwalimu Mbeho aliwaambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kigogo. "Lugha yoyote."

Walichagua Kigogo, na mwalimu akawa anatutafsiria. Kwanza walimpa msichana jina. Walimwita Mwaja, kwa sababu Mwaja wa kweli alikuwa ameketi dawati la mbele, naye akalipokea jina hilo kwa kuinua mabega kama bibi harusi. Wakamsifu ng'ombe kwa baka lake. Wakamwona anaondoka, wakamwonya. Alipofika kwenye zabibu darasa lilichemka.

"Wanasema atapigwa," alitafsiri mwalimu. "Huyu anauliza mwenye shamba amelala saa ngapi. Na yule anasema hata yeye angekula."

Bwana Temu aliweka kalamu chini. Nilimwona akisogeza kiti mbele. Walipofika kwenye reli walipiga honi wenyewe bila kuombwa. Nilikaa nimeshikilia mkoba wangu kwa mikono miwili, nikihesabu kurasa zilizobaki kama mtu anayemtazama mwanawe akivuka barabara.

Kisha ukafunuliwa ukurasa ambao msichana anamtoa ng'ombe wake katika kundi la ng'ombe wa watu.

Mvulana mmoja, Yohana, alisema jambo fupi. Minong'ono ikapita kutoka dawati hadi dawati. Mwalimu Mbeho akasita.

"Anasemaje?" aliuliza Bwana Temu.

"Anasema msichana ni mwizi."

"Mwizi?"

"Kachukua ng'ombe wa watu."

Mwaja alisimama na kusema sentensi yake pekee ya Kiswahili asubuhi ile: "Mimi siyo mwizi!"

Yohana akamjibu kwa Kigogo bila hata kugeuza kichwa.

"Amemwambia, basi rudisha ng'ombe," alisema mwalimu, akijitahidi asicheke.

Akafunua ukurasa wa mwisho, ambapo baba anampokea binti yake kwa furaha, na hali ikawa mbaya zaidi. Watoto walitikisa vichwa. Baba naye anachekelea! Kumbe ni familia nzima!

Bwana Temu alisimama, akafunga vifungo vya koti lake.

"Mama Salma, nimekuja na moyo mweupe, na Mungu anajua nilianza kukipenda. Lakini siwezi kuchapa kitabu ambacho darasa zima linasema kinafundisha wizi wa mifugo."

Miaka yote niliyokaa na wazo lile ilikuwa imefika mwisho mbele ya dawati la watoto, na niliwaamini watoto kuliko nilivyojiamini. Kwa sababu hiyohiyo nikaona nisiwaache waende bila kuwauliza.

"Mwalimu, tafadhali, waulize wamejuaje kwamba si wake."

Yohana hakusubiri tafsiri. Alikuja mbele, akairudisha nakala hadi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye baka jeupe na kujipiga mbavu za kushoto. Akafunua hadi ukurasa wa kundi, akaweka kidole kwenye baka, na kujipiga mbavu za kulia. Kisha akainamisha mkono wake kichwani mfano wa pembe, huku, halafu huku. Akanitazama kama hakimu anayesubiri utetezi.

Ndipo nilipoona. Picha ilikuwa yangu, kila mstari wangu, lakini ilikuwa imegeuzwa kama inavyogeuka kwenye kioo. Nilikuwa nimemchora ng'ombe akirudi nyumbani akielekea kushoto, na humo kwenye nakala alielekea kulia, amebeba baka na pembe yake upande usio wake. Msichana wa hadithi yangu alikuwa ameingia katika kundi la mtu na kutoka na mnyama mgeni, na watoto hawa walikuwa wamesoma ukurasa huo bila kukosea.

"Bwana Temu," nilisema, na sauti yangu ilinishangaza kwa utulivu wake, "wamekielewa kitabu. Kilichokosewa ni ukurasa. Nipe muda nikachukue picha yenyewe nyumbani."

"Treni haitanisubiri, mama."

"Nawe usiisubiri hiyo. Kuna nyingine."

Nilipanda bodaboda huku gauni langu likipepea kwa namna isiyofaa kwa mama wa umri wangu, nikamwambia kijana asijali mashimo. Niliporudi na bahasha ngumu kifuani, nilimkuta Mkurugenzi ameketi tena, amezungukwa.

"Wanataka kujua nina ng'ombe wangapi," aliniambia. "Nimewaambia sina. Wamenionea huruma, mama. Huyu binti ameahidi kumwomba baba yake anipe ndama."

Mwalimu Mbeho aliiinua picha ya asili na kuiweka juu ya ukurasa uliogeuzwa. Hakueleza lolote. Yohana akasogea hadi pua yake ikakaribia karatasi. Akaitazama pembe. Akalitazama baka. Akarudi kwenye ukurasa wa kwanza kwa uhakika, akaja tena. Kisha akamgeukia Mwaja na kusema maneno mawili matatu, na darasa zima likalipuka kwa vicheko na makofi.

"Amesema, pole, ni wako," alisema Mwalimu Mbeho.

Mwaja akaketi kwa heshima zake zote. Ukurasa wa mwisho ulipofunuliwa tena, baba yuleyule aliyekuwa mshirika wa wizi akapokewa kwa shangwe. Wakadai kianzwe upya. Kikaanzwa, na safari hii walikuwa wakidakiana maneno, wakiinuka, wakiigiza miiba na korongo, na walipofika kwenye kundi waliimba jambo ambalo sikulijua. Mwalimu alianza kutafsiri, na Bwana Temu akainua mkono.

"Acha tu, Mwalimu. Naelewa."

Hajui Kigogo hata salamu. Nilisikia, ndani ya kichwa changu, karatasi ikigeuzwa kifudifudi na Mzee Kibwana akiendelea na kazi yake.

Tulimpigia simu Kelvin, kijana wetu msanifu wa kurasa, papo hapo uwanjani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ukurasa wa kundi, uligeuza picha?"

"Ndiyo, mama. Ng'ombe alikuwa anatazama nyuma, kushoto. Msomaji anaelekea kulia, nikaona wote waende pamoja, wamvute afunue. Nimemgeuza tu."

"Hoja yako ni nzuri. Tatizo, umemgeuza akawa ng'ombe wa jirani."

"Kweli, mama?"

"Kuna shahidi hapa wa miaka saba. Usiombe kukutana naye mahakamani."

Nataka mjue kwamba hoja ya Kelvin ni hoja halali ya kazi yetu, na katika vitabu vingi ningemuunga mkono. Ila kabla ya kugeuza picha, jiulizeni kilichomo ndani kinageuzika au la. Sufuria inageuzika. Mwezi mchanga haugeuziki. Ng'ombe wa mtu haugeuzi ubavu wake bila ruhusa ya mwenyewe.

Bwana Temu aliondoka kwa treni ya jioni. Kituoni alinipa mkono, na badala ya hotuba alisema, "Bila neno hata moja, Mama Salma. Nimekubali, na nitawaambia wauzaji nimekubali." Nilirudi nyumbani, nikakuta brashi zangu zimekauka kwenye taulo, safi kuliko zilivyowahi kuwa, nikazilowanisha na kuanza kupaka jalada.

Nilistaafu mwisho wa mwezi kama ilivyopangwa. Wiki chache baadaye Kelvin alinitumia kurasa zote kwa basi kabla hazijaingia mtamboni, na hii ndiyo barua niliyomjibu:

*Kelvin mwanangu,*

*Nimepokea kurasa salama. Kwa kuwa sasa ni mstaafu na sahihi yangu haina nguvu tena ofisini, nimezipeleka kwa wenye mamlaka. Mwalimu Mbeho amezitandaza kwenye mkeka, na darasa la kwanza limezikagua kipindi kizima. Yohana amemfuata ng'ombe kutoka zizini hadi zizini akitafuta kosa kwa bidii ambayo ningependa kuiona kwa wahariri. Hakulipata. Mwaja ameomba jina lake liwekwe kwenye kitabu. Nimemweleza kwamba hakina maneno, naye amesema hakuna shida, watu watamjua.*

*Ng'ombe ni yuleyule. Chapeni.*

*Mama Salma*